Kompyuta kuukuu, taa mpya: kazi za mikono kwa watoto wetu

Mwezi huu naandika juu ya jambo ambalo watoto wenu wameshawaambia nyumbani: zile taa tunazowasha Jumamosi kwa kompyuta kuukuu. Lakini kabla ya taa, niwaambie kwanza kilichonifanya nianze.

Siku moja nilikutana njiani na kijana wa darasa la tano. Kichwani alikuwa amebeba skrini ya kompyuta, zile za zamani zenye mgongo mkubwa. Ameiokota kwenye shimo la takataka. Nikamuuliza, "Unaipeleka wapi?" Akajibu, "Mwalimu, naenda kuipasua. Ndani iko shaba, tutauza." Nikaitua mimi mwenyewe kutoka kichwani kwake, polepole.

Maana hata mimi nilipitia hapo. Nilipokuwa na miaka tisa, kule nyumbani kabla hatujakimbia, nilifungua televisheni ya mjomba. Waya nilikuwa nimeshauchomoa, nikadhani basi, iko salama. Kumbe! Ilinirusha hadi mlangoni, na mkono ukafa ganzi mpaka jioni. Mjomba hakunichapa. Aliniambia tu, "Umeme hauondoki kwa sababu wewe umechomoa."

Kumkataza mtoto peke yake haitoshi. Ukimwambia "acha" na huna kingine cha kumpa, kesho atarudi shimoni. Kwa hiyo nikatafuta kingine.

VITU VISIVYOGUSWA

Tafadhali wasomeeni watoto sehemu hii, hata kama hamtasoma nyingine.

Kwanza, skrini yenye mgongo haifunguliwi na haipasuliwi. Ikiwa inafanya kazi, ndani yake umeme unaweza kupita volti 20,000, na mwingine unabaki hata ikishazimwa. Pia kioo chake kina risasi, na kikivunjika kinaweza kuruka vipande.

Pili, lile boksi la chuma ndani ya kompyuta linalopokea umeme wa ukutani, ambalo mafundi wanaliita pawasaplai, halifunguliwi. Kapasita zake zinaweza kushika volti 300 hivi.

Tatu, usichome nyaya ili kupata shaba. Moshi wa ile plastiki ni sumu, na anayeumia kwanza ni mdogo aliyebebwa mgongoni akisubiri dada yake amalize.

Nne, baada ya kushika vyuma vya zamani, nawa mikono kabla ya kula. Ile lehemu ya zamani ina risasi.

TUNACHOTUMIA

Kompyuta yetu ni ya zamani, inatumia Windows 98. Wengine wanaicheka. Lakini kwa kazi hii inazishinda nyingi za kisasa, kwa sababu nyuma yake ina tundu la printa lenye vitundu 25. Humo unatoka umeme wa volti 5 tu, ambao ukiugusa hausikii kitu. Mimi ndiye ninayeiunganisha na umeme wa sola wa kituo. Mtoto hagusi upande huo.

Vingine ni taa ndogo za LED, ambazo unazipata hata usoni pa kompyuta iliyokufa, rezista za omu 470 kutoka redio mbovu, mawe mawili ya tochi, na waya wa printa usiotumika tena. Rezista hiyo utaijua kwa mistari yake: njano, zambarau, kahawia.

KAZI YA KWANZA: TAA NA MAWE

Hii inafanyika hata nyumbani, bila kompyuta. Panga mawe mawili kwa kufuatana, yatoe volti 3. Taa ya LED ina miguu miwili. Mrefu unaelekea chanya, mfupi unaelekea hasi. Weka rezista katikati, kati ya jiwe na mguu mrefu. Taa nyekundu au ya kijani itawaka, japo kidogo. Isipowaka, igeuze. Mtoto anajifunza kwamba umeme una njia yake, na njia ikikatika mahali popote, kazi imesimama.

KAZI YA PILI: KOMPYUTA IIMBE

Hapa hakuna waya wowote. Tunafungua programu ya QBasic na kuandika:

SOUND 440, 18

Kompyuta inalia kwa sekunde moja hivi. Namba 440 ni mitetemo kwa kila sekunde. Ukiongeza namba, sauti inapanda. Ukipunguza, inashuka. Juma lile la kwanza watoto walibaki wakitafuta namba za wimbo wa kanisani, mpaka sola ikaisha.

KAZI YA TATU: TAA ZA BARABARANI

Kompyuta ikiwa imezimwa, tunakata waya wa printa na kubaki na ile plagi yenye pini 25. Ili kujua waya gani unatoka pini gani, tunatumia taa na mawe ya kazi ya kwanza: ikiwaka, tumeupata. Pini ya 2, ya 3 na ya 4 kila moja tunaipeleka kwenye rezista yake, halafu mguu mrefu wa taa yake. Miguu mifupi yote inaungana na pini ya 25. Rezista isisahauliwe, la sivyo tundu linaweza kuungua. Mimi nakagua, ndipo tunawasha na kuandika:

DO
OUT 888, 1
SLEEP 3
OUT 888, 2
SLEEP 1
OUT 888, 4
SLEEP 3
LOOP

Namba 888 ndiyo anwani ya tundu la printa katika kompyuta nyingi za aina hii. Namba 1 inawasha taa ya kwanza, 2 ya pili, 4 ya tatu. Kusimamisha, bonyeza Ctrl na Break pamoja. Kompyuta zenye Windows XP na za baada yake haziruhusu amri hii kufika kwenye tundu moja kwa moja, ndiyo maana tunaitunza hii kuukuu.

Kuna binti ambaye tangu afike kambini alikuwa haongei darasani. Siku hiyo alikaa nyuma kama kawaida. Mara akasema, "Mwalimu, ukiandika 3, si zitawaka mbili?" Nikamwambia njoo uandike. Akaandika. Zikawaka mbili. "Iko inawaka!" Moja na mbili ni tatu. Hivyo ndivyo kompyuta zote zinavyohesabu, na aliyetufundisha siku hiyo ni yeye.

MASWALI YA WAZAZI

Mama mmoja aliniuliza, "Mwalimu, hayo mataa yatatuletea unga?" Swali zuri, mama. Leo hapana. Lakini tazama hapa kambini nani anatengeneza simu, nani anafunga sola. Wote walianza kwa kujua chanya na hasi. Huko Uingereza mwaka 1981 walitengeneza kompyuta iitwayo BBC Micro kwa ajili ya kujifunza, ikiwa na tundu la kuunganisha vitu vya mikono kama hivi. Kwa hiyo watoto wetu hawachezi mchezo wa takataka. Wanasoma somo ambalo wengine walilisoma.

Yule kijana wa skrini sasa ndiye anayebeba boksi la rezista. Akiona mwenzake anaelekea shimoni na nyundo, anamzuia kabla yangu.

Tunakutana kila Jumamosi saa nane mchana, kituo cha vijana. Nafasi ni kumi kwa zamu, wasichana watano, wavulana watano. Mwenye redio iliyokufa au waya wa printa, asitupe, atuletee. Na mzazi mmoja kila juma aje akae nasi, maana macho mawili yangu hayatoshi.

Ni mimi, mwalimu wenu wa kujitolea.