Mwanao akiomba hela za tiketi ya tamthilia

UJUMBE huu si mgeni kwa wazazi wenye watoto vyuoni: “Mama, naomba pesa za kwenda kutazama mchezo wa kuigiza. Ni wa somo la fasihi.” Mzazi aliyelipa karo kwa kukopa huusoma mara mbili, kisha hujiuliza tangu lini burudani ikawa somo.

Mimi huandika kuhusu afya. Lakini ukiniuliza, tiketi hiyo ni ndugu wa koti jeupe la mwanafunzi wa uuguzi. Hakuna anayefuzu uuguzi kwa kusoma vitabu pekee. Lazima aingie wodini. Tamthilia nayo haikuandikwa ili isomwe kimyakimya kitandani. Kitabuni, mhusika akinyamaza ni neno moja ndani ya mabano. Ukumbini, kimya hicho kinaweza kurefuka hadi watu waanze kukohoa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Arkansas, Marekani, walilipima jambo hili karibu kama tunavyopima dawa. Makundi ya wanafunzi yaliyoomba kutazama Hamlet au A Christmas Carol yalipigiwa kura: baadhi yakapata tiketi za bure, mengine yakakosa. Matokeo yalichapishwa 2014. Waliokwenda walikijua kisa na msamiati wake vizuri zaidi, na kusoma kitabu au kutazama filamu yake hakukutosha kueleza tofauti hiyo. Lililonivutia zaidi ni kwamba walipoonyeshwa picha za macho ya watu na kuulizwa watu hao wanahisi nini, walijibu vyema kuliko wenzao waliobaki. Hao walikuwa wanafunzi wa shule, si wa chuo, na utafiti mmoja si wa kuapia. Hata hivyo, kumsoma mtu machoni ni kazi ya kila siku ya mwalimu, daktari, hata karani wa benki.

Hapa kwetu ushahidi ni wa aina nyingine. Mwaka 1977 riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong’o, Petals of Blood, ilichapishwa na kuuzwa. Mwaka huohuo tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, aliyoiandika na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ilichezwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, na serikali ikaipiga marufuku. Kabla mwaka haujaisha Ngũgĩ alikuwa amekamatwa. Waliokuwa madarakani walijua tofauti ya kusoma na kutazama. Ilipofika 2022, mchezo huo uliigizwa Kenya National Theatre, ukumbi uliofunguliwa 1952, hatua chache kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi.

Kama hela hazipo, mwambie mwanao hivyo bila kumkaripia. Aulize kama idara yake ina maonyesho ya wanafunzi wenyewe, au asubiri Tamasha za Kitaifa za Drama, ambako vyuo pia hushindana. Kama zipo, hakikisha ameisoma tamthilia kabla ya kwenda. Asiyeisoma hutumia nusu saa ya kwanza akitafuta nani ni mke wa nani.

Kisha kuna upande usiosemwa sana. Chukua Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, ambayo imekuwa kitabu teule cha sekondari na ambayo anayesomea ualimu wa Kiswahili hawezi kuikwepa. Sara ni mgonjwa. Mumewe, Yona, amezama katika pombe. Kwa kijana ambaye mamake yuko kwenye dawa kila siku, au babake hurudi usiku akipepesuka, kuwaona watu hao wakitembea na kupumua mbele yake si sawa na kuwapigia mstari kwa kalamu. Mmoja hutoka ukumbini akihisi mzigo umepungua. Mwingine hurudi hosteli na kujifungia.

Kwa hivyo mpigie simu kesho yake. Usimuulize kama mchezo ulikuwa mzuri. Atasema “ndiyo” na simu itakuwa imeisha. Muulize ni mhusika gani aliyemkera. Akianza kuzungumzia mambo ya nyumbani, usimkatize ili ujitetee, hata kama anayosema yanakuhusu wewe. Na ikiwa wiki imepita na bado hali vizuri au haendi darasani, mhimize amwone mshauri nasaha wa chuo.