Ushiriki au Ushirikishwaji?

Kifungu cha 10 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya utawala. Maofisini limezoeleka neno "ushirikishwaji", lenye kiambishi -w- cha kutendwa: yupo mshirikishaji, na mwananchi hungoja kuitwa. Tazama Chepseon, kando ya barabara kuu ya Kericho kwenda Nakuru. Mji mdogo kama huo ukipanuka kuelekea mashamba ya chai, swali la kwanza ni maji taka yatateremkia chemchemi ya nani. Mama achotaye maji alfajiri analijua jibu, tena kwa Kikipsigis. Akiitwa barazani ramani ikiwa imekwisha kuchorwa, asomewe Kiingereza cha kisheria, atakuwa ameshirikishwa bila kushiriki. Mkutano wa kwanza na ufanywe pale chemchemini, kabla mchoraji hajashika kalamu.