Ordinatere imenyamaza? Angalia njia ya sauti mbele ya kutoa dola

Huku Kirolirwe, kwenye barabara ya Sake kwenda Kitshanga, ordinatere ya mezani si kitu cha kila nyumba. Zile zenye tuko nazo mara nyingi ni okazio: zimetumika miaka mingi mahali pengine, kisha zikapanda kwa pikipiki mpaka huku. Moja inakaa kwa kibanda cha fotokopi, ingine kwa masomo ao kwa ofisi ya wachimbaji, na inatumikia watu wengi. Siku inapoteza sauti, hasara ni ya wote.

Wengine watasema sauti ni ya muziki tu. Hapana. Kati yetu kuna wengi hawakupata bahati ya kusoma. Kwao maneno ya usalama wa shimo, habari ya bei na yale yaliyokubaliwa kwa mkutano yanapita kwa sikio. Mkutano ukirekodiwa na kuwekwa kwa ordinatere, mwenye alikuwa chini ya shimo siku ile anaweza kusikia mwenyewe nini ilisemwa juu ya mizani na juu ya malipo ya mwenye aliumia. Sauti ikikosa, anabaki kumwamini yule mwenye kusoma karatasi. Pale ndipo watu wanadanganywa.

Sasa fundi anafika, anatikisa kichwa, anasema karte-meri imekufa, anaomba dola. Pengine ni kweli. Lakini kuna magonjwa mengi ya sauti yenye hayaombi hata franka moja.

Sisi wachimbaji tunajua kazi hii. Hewa ikikosa kufika chini, hatuanzi kufungua kompresere. Kwanza tunafuata tiyo: imekunjwa wapi, imechomoka wapi? Sauti nayo iko na njia yake. Inatoka kwa programu, inapita kwa kadi ya sauti, inaingia kwa kable, inafika kwa bafle. Tuifuate kutoka inje kuingia ndani.

Kwanza bafle. Chomoa kable yake kwa ordinatere, uiingize kwa simu yenye tundu la ekuteri. Bafle ikiimba, iko muzima. Ikinyamaza, angalia prizi, kifungo cha kuwasha na kile cha kuongeza sauti, kisha jaribu kable ingine. Halafu fanya kinyume: weka ekuteri kwa ordinatere. Kwa dakika mbili umejua ugonjwa uko upande gani.

Pili matundu ya nyuma. Rangi zake ziko na maana. Kijani ni sauti inayotoka, rozi ni mikro, buluu ni sauti inayoingia. Mtu akifagia anaweza kuchomoa kable ya bafle na kuirudisha kwa rozi. Hakuna kitu kitavunjika, lakini hamtasikia kitu. Tundu la mbele likinyamaza, jaribu la nyuma, sababu la mbele linategemea kable ingine ya ndani. Na vumbi letu mnalijua: zima mashini, kisha safisha matundu kwa burashi kavu.

Tatu ekrani. Chini, karibu na saa, kuna picha ya bafle ndogo. Ikiwa na alama nyekundu ao imekatwa, sauti imefungwa: ifungue. Kwa Windows XP, bonyeza mara mbili juu ya picha ile, uangalie kila mstari, sababu mmoja ukifungwa unaweza kuzuia yote. Kwa Windows 7, bonyeza upande wa kuume wa sori, chagua « Périphériques de lecture », kisha weka « Haut-parleurs » kuwa ya kawaida. Hii inasaidia sana kama mumebadilisha ekrani. Kable ya HDMI inaweza kupeleka sauti kwa ekrani yenye haina bafle.

Ine pilote, ile programu inayofanya Windows ijue kadi ya sauti. Fungua « Gestionnaire de périphériques ». Alama ya njano pale kwa audio inaonyesha kama pilote imekosa ao imeharibika. Windows XP ilitoka mwaka 2001, na Intel ilileta mtindo wa sauti wa HD Audio mwaka 2004. Kwa hiyo ordinatere yenye imeformatiwa na sidii ya zamani ya XP inaweza kuamka bila sauti hata kama kadi iko muzima. Inaomba pilote, haiombi kadi mpya.

Tano ndani. Zima, chomoa prizi, ndipo ufungue. Kama saa na tarehe zinapotea kila mara, batri ya duara ya CR2032, ya volti 3, imechoka, na mipango ya BIOS inaweza kubadilika. Angalia pale kama audio haijafungwa. Mutikisiko wa barabara nao unaweza kulegeza kadi: isukume polepole irudi mahali pake. Angalia pia kondensa kubwa: zikivimba juu, hapo fundi yuko na haki. Zile ni za aluminiumu. Kondensa zingine ndogo za elektroniki zinatengenezwa na tantale, ile inatoka kwa koltani kama ya Rubaya, hapa kwetu Masisi. Jiwe linaondoka kwa gunia, linaturudilia kwa mashini ya okazio.

Na kama kadi ya sauti imekufa kabisa, kuna kadi ndogo ya inje inayoingia kwa tundu la USB. Bei yake iko chini sana ya karte-meri.

Kwa ofisi zetu, pesa ya fundi ni mchango wa watu wenye wameshuka shimoni. Kwa hiyo fundi aonyeshe ugonjwa mbele ya watu wawili, ajaribu sauti mbele yao, aache kipande cha zamani, na risiti iandikwe. Na asiformate kitu mbele ya nyinyi kukopia sauti zote za mikutano kwa flashi mbili, moja ibaki ofisini, ingine kwa mtu mwingine. Bafle inanunuliwa tena sokoni. Neno lenye mkubwa alilitoa mbele ya wachimbaji, likifutwa, hatalirudilia.