Sababu za heroe kuadimika Ziwa Nakuru

MTALII anayezuru Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru mwezi wa Julai, akitarajia kulakiwa na ufuo uliogeuka waridi kwa wingi wa heroe, huenda akarejea hotelini na picha za mwari pekee. Heroe, ambao wengi huwaita flamingo, wangali wanaonekana huko. Hata hivyo, si kwa idadi iliyolipa ziwa hilo sifa duniani.

Kiini cha mabadiliko hayo ni maji. Kuanzia mwaka wa 2010 hivi, ziwa lilianza kufura, likameza lango kuu la zamani la mbuga na kuwafukuza wakazi wa mitaa jirani makwao. Ripoti ya serikali ya mwaka wa 2021 ilitaja mvua nyingi kuwa chanzo kikuu, pamoja na udongo unaosombwa kutoka nyanda za juu zilizokatwa miti. Aidha, utafiti wa King's College London uliochapishwa mwaka wa 2024 ulionyesha kuwa kati ya 2009 na 2022 ukubwa wa ziwa uliongezeka kwa asilimia 91. Katika kipindi hicho, kiwango cha klorofili, ambacho ndicho kipimo cha wingi wa mwani, kilipungua kwa nusu.

Mwani huo ndio chakula cha heroe mdogo. Ndege huyu hupindua kichwa juu chini, mdomo wake ukachuja maji mithili ya kung'uto. Lakini mwani anaoutegemea hustawi katika maji ya magadi, na mvua ikizidi, magadi huzimuliwa. Chakula kikiisha, kundi zima huruka usiku kutafuta ziwa jingine. Wengi huelekea Bogoria, ingawa huko nako maji yamepanda. Kuzaliana ni jambo jingine: katika Afrika Mashariki, karibu heroe wote wadogo huanguliwa Ziwa Natron, Tanzania. Kwa hivyo Nakuru haikuwa kamwe makao yao, bali meza yao.

Hasara ya heroe imekuwa faida ya wala samaki. Samaki wadogo aina ya tilapia waliletwa Nakuru kutoka Magadi katika miaka ya 1950 na 1960 ili wale viluwiluwi vya mbu. Wazo lilikuwa la afya ya umma, lakini mwari walikuja kwa karamu wasiyoalikwa. Leo minandi na furukombe nao hawakosekani.

Lipo pia suala la majira. Watalii wengi wa Ulaya hutujia Julai na Agosti, wakati wa kiangazi chao. Ajabu ni kwamba huo ndio wakati ambapo korongo weupe, mbayuwayu na vitwitwi wanaohamia kwetu wamo kwao, wakilea makinda! Ndege hao huwa wengi kwetu kati ya Oktoba na Aprili, na ndiyo sababu hesabu kuu ya ndege wa majini hufanywa Januari.

Waongozaji watalii wa jiji la Nakuru, ambao riziki yao imefungamana na ziwa hili, wangefaidika kuwaeleza wageni hayo kabla hawajalipa kiingilio. Anayetaka heroe aulize kwanza hali ya Bogoria. Anayetaka ndege wa aina nyingi aje Januari.