Shauri Kabla ya Subira: Yanayowakabili Wanaotafuta Mtoto kwa Upandikizaji Mimba

Katika jamii zetu, harusi haijapoa nyumbani ila mavyaa na mawifi wamekwisha kuanza kulitazama tumbo la bibi harusi kwa jicho la kuuliza, na miaka miwili mitatu ikipita bila ya kilio cha mtoto, swali lile hugeuka lawama, na lawama hiyo aghalabu humwelemea mke peke yake, ilhali matabibu wamebainisha kwamba katika karibu nusu ya ndoa zilizokawia kupata uzazi, upande wa mume nao huwa na sehemu yake. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba takriban mtu mmoja katika kila sita hukutwa na tatizo la uzazi wakati fulani katika umri wake. Kwa hiyo jambo hili si aibu ya nyumba moja wala laana ya ukoo, bali ni maradhi kama maradhi mengine, na mojawapo ya tiba zake ni upandikizaji mimba, yaani kulitungisha yai kwa mbegu ya kiume nje ya mwili, kisha kulirudisha katika mji wa mimba.

Tiba hiyo ilizaa tunda lake la kwanza tarehe 25 Julai 1978 katika mji wa Oldham, Uingereza, alipozaliwa Louise Brown, ambaye mama yake alikuwa na mirija ya uzazi iliyoziba, kwa jitihada za daktari Patrick Steptoe, mwanasayansi Robert Edwards na muuguzi Jean Purdy. Kwetu Afrika, ambako maambukizi yasiyotibiwa mapema ndiyo huziba mirija ya wanawake wengi, habari ile ilikuwa na maana kubwa, lakini ilipita zaidi ya robo karne kabla ya watoto wa kwanza wa namna hiyo kuzaliwa Uganda mwaka 2004 na Kenya mwaka 2006.

Wengi hudhani kwamba mashaka ya tiba hii ni sindano na gharama zake, ambazo kwa mzunguko mmoja huko Kenya hufika laki kadhaa za shilingi. Hayo ni mazito kweli. Lakini uko mzigo mwingine usioandikwa katika hati ya malipo, nao ni kungoja, na kungoja huko si kwa namna moja. Kuna kungoja ambako ndani yake mna shauri la kukatwa, na kuna kungoja ambako hapana la kufanya ila kungoja. Na anayezichanganya namna hizi mbili hujitesa bure.

Kungoja kwa kwanza ni kwa siku nane hadi kumi na nne, ambapo mke hudungwa sindano za homoni ili mayai mengi yapevuke kwa pamoja badala ya moja la kila mwezi, huku tabibu akiyafuatilia kwa altrasaundi na vipimo vya damu. Hapa shauri kubwa ni la tabibu: kuongeza dawa, kuipunguza, au hata kuuvunja mzunguko iwapo mayai ni machache mno, au iwapo ovari zimechochewa kupita kiasi hata zikahatarisha afya ya mke. Kuvunjwa huko huuma, lakini ni hadhari, wala si kushindwa. Mambo yakienda sawa, hupigwa sindano ya mwisho ya kuyapevusha, na baada ya saa 34 hadi 36 mayai hutolewa.

Kungoja kwa pili ni kwa maabara, na hesabu yake ni ya kutoa, si ya kujumlisha. Yakipatikana mayai kumi yaliyopevuka, huenda saba yakatungishwa, na kati ya hayo saba, matatu hivi ndiyo yakafika siku ya tano yakiwa viinitete vyenye nguvu. Kila asubuhi simu ya maabara inaweza kuleta idadi ndogo kuliko ya jana, na papo hapo hutakiwa jawabu: kipandikizwe kiinitete kimoja au viwili? Kipandikizwe sasa, au vyote vigandishwe katika naitrojeni yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, mpaka mwili wa mama utulie? Mtu aliyekosa mtoto kwa miaka mingi huona viwili ni bora kuliko kimoja, ilhali mimba ya pacha huzidisha hatari ya watoto kuzaliwa njiti na ya mama kupatwa na shinikizo la damu. Na nani awezaye kulipima jambo kama hilo kwa utulivu, simu ikiwa sikioni?

Kungoja kwa tatu ni kwa wiki mbili hivi, tangu kiinitete kuwekwa katika mji wa mimba hadi kipimo cha damu. Hapa hapana shauri tena. Kulala kitandani kutwa hakuongezi bahati, na tafiti zimelithibitisha hilo. Matiti kuuma na tumbo kujaa si dalili ya yakini, kwa kuwa dawa ya projesteroni huleta hali hizo hizo. Na anayejipima mapema nyumbani huweza kudanganywa na mabaki ya sindano ya kupevusha mayai. Hata damu ikionekana, dawa zisikatizwe kabla ya kumwuliza tabibu.

Ikiwa ndivyo, basi nahodha mwenye busara huchagua bandari za kukimbilia wakati wa dhoruba kabla ya kung'oa nanga. Mke na mume wakate shauri mapema, nyoyo zikiwa zimetua: viinitete vingapi vipandikizwe, vilivyobaki vihifadhiwe kwa muda gani, na viwe vya nani likitokea talaka au mauti, fedha zinatosha mizunguko mingapi, na ni wapi watakaposema, tumejitahidi, inatosha. Dini nayo iulizwe mapema: fatwa ya Al-Azhar ya mwaka 1980 iliiruhusu tiba hii kwa sharti kwamba yai ni la mke na mbegu ni ya mumewe, ndani ya ndoa, bila ya mtu wa tatu, ilhali Kanisa Katoliki, katika waraka wake wa mwaka 1987, liliikataa.

Wala tusifichane ukweli. Takwimu za Uingereza za mwaka 2019 zaonyesha kwamba kwa mwanamke aliye chini ya miaka 35, kila kiinitete kilichopandikizwa kilizaa mtoto kwa kiasi cha thuluthi moja tu, na kwa aliyepita miaka 43, chini ya mara tano katika mia. Kwa hiyo jawabu la hapana ndilo la kawaida zaidi, na asiyelitayarishia nafasi hulipokea kama msiba wa ghafula.

Ewe msomaji, ukiwa ni mmoja wa wanaokusudia safari hii, kaa na mwenzio mbele ya tabibu kabla ya sindano ya kwanza, mkayaandike maamuzi yenu. Na ukiwa ni mzazi, wifi au jirani, waache wakuambie wao wenyewe wakipenda, wala usiwaulize.