Kalsiamu Kwenye Meza ya Mama Mboga

Soko la Toi, pale Kibera inapokaribia Barabara ya Ngong, limejulikana kwa mitumba. Ila kando ya marundo ya nguo na viatu huuzwa vyakula vinavyochangia kuamua kama mtoto atakua na miguu iliyonyooka, na kama nyanya yake akiteleza atainuka mzima. Wengi wakiulizwa mifupa hujengwa na nini, hujibu maziwa. Ni kweli, lakini jibu hilo likisimama peke yake huwakatisha tamaa wazazi wanaoishi kwa kibarua, ambao maziwa yao ya siku huishia kwenye chai. Mfupa hutegemea mlo mzima: kalsiamu, protini na vitamini D kwa pamoja, na mengi ya hayo tayari yako Toi.

Tuanze na mboga za majani, kwa maana hapa macho hudanganya. Vipimo vilivyochapishwa Marekani mwaka 1990 vilionyesha kwamba mwili hufyonza takriban asilimia 40 ya kalsiamu iliyo katika mboga ya jamii ya sukuma wiki, kiwango kinachozidi kile cha maziwa, ambacho ni kama asilimia 32. Spinachi ina kalsiamu nyingi, lakini mwili hupata takriban asilimia 5 tu, kwa sababu oksaleti iliyomo huishikilia isifyonzwe. Terere nayo ina oksaleti nyingi, ingawa kuichemsha na kumwaga maji hupunguza sehemu yake. Ziliwe, zina faida nyingine; ila kwa ajili ya mifupa, anayenunua sukuma kwa sababu ni rahisi hajapunjika. Hata hivyo, sahani moja ya sukuma haifikii kalsiamu ya glasi ya maziwa, na ndiyo maana lazima tuitazame omena.

Omena huliwa nzima, na kalsiamu yake imo katika mifupa ile ile ambayo kwenye samaki mkubwa tunaitupa. Nchini Nigeria, utafiti wa mwaka 1999 ulionyesha kuwa watoto wenye riketi, yaani mifupa laini inayopinda, walipona vizuri zaidi walipopewa kalsiamu kuliko walipopewa vitamini D peke yake. Mwaka 2015 watafiti huko waliwatibu watoto wengine kwa samaki waliosagwa pamoja na mifupa, na wakapata nafuu. Wapo wanaoidharau omena wakisema ni chakula cha kuku au cha maskini. Dharau hiyo inawanyima watoto kitu chenye protini na kalsiamu kwa pamoja, kinachoweza kuoshwa mchanga, kukaangwa, kisha kusagwa laini na kutiwa kwenye uji.

Kuna atakayeuliza: mboga pekee hazitoshi? Nchini Uingereza, utafiti uliofuatilia watu karibu 55,000 na kuchapishwa mwaka 2020 uliona kwamba wasiokula chochote kitokacho kwa mnyama walivunjika mifupa kwa asilimia 43 zaidi ya wala nyama. Sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na wembamba wa mwili na upungufu wa kalsiamu na protini. Ugali kwa sukuma kila siku, bila maharagwe, yai wala omena, unaingia katika hatari iyo hiyo. Mwingine atasema wakulima wa Gambia hula kalsiamu kidogo na bado huvunjika mara chache. Ni kweli, lakini hao hufanya kazi nzito juani. Kibera kuna watoto wachanga wanaoshinda ndani ya vyumba visivyofikiwa na jua, na madaktari wa Médecins Sans Frontières walioandika mwaka 2014 kuhusu riketi mtaani humo waliuita ugonjwa unaozuilika lakini uliopuuzwa. Nairobi haikosi jua mwaka mzima. Kumtoa mtoto nje, mikono na miguu ikiwa wazi, hakuna gharama.

Ambaye miguu yake imeshaanza kupinda asisubiri mlo peke yake. Apelekwe kliniki mapema, kwa kuwa kalsiamu na vitamini D hunyoosha zaidi mfupa ambao bado unakua.