Bwana Heri, mwenye Saadani

Simameni ufukweni hapa Mapinga asubuhi, mtazame kaskazini. Kule ni Bagamoyo. Mkiipita, mkavuka mdomo wa mto Wami, mtafika Saadani. Siku hizi watu huenda huko kutazama tembo na simba wa hifadhi. Zamani, wanangu, ilikuwa bandari ya misafara ya pembe za ndovu, na mwenye mji alikuwa Bwana Heri bin Juma.

Pwani yote ile ilihesabiwa kuwa ya Sultani wa Unguja. Bwana Heri alimpa Sultani heshima yake, lakini amri hakupokea. Nguvu zake zilikuwa kwa Wazigua wa bara. Sultani Barghash alipopeleka askari kumtia adabu, walirudi wameshindwa.

Aprili 1888 Sultani mpya, Khalifa, akaikodisha pwani kwa kampuni ya Wajerumani kwa miaka 50. Wenye miji hawakuulizwa. Hebu fikirini: mtu anampangisha mgeni nyumba ya kwenu, nanyi mmo ndani mnakula! Pangani akainuka Abushiri bin Salim, Saadani akainuka Bwana Heri.

Juni 1889 manowari ziliupiga mji mizinga kutoka baharini. Bwana Heri akaingia porini, akajenga boma mahali paitwapo Mlembule. Boma lile halikuwa ua wa kuzuia mbuzi. Ni magogo manene yaliyosimikwa wima, yakabanana, na kulizunguka ni kichaka cha miiba kisichopitika ila kwa vijia anavyovijua mwenyeji. Desemba Wajerumani walilishambulia, wakarudishwa nyuma. Januari 1890 wakaja tena na mizinga, likaanguka. Akajenga jingine, nalo likavunjwa. Njaa ikawakaba watu wake, na Aprili akatoka kutaka amani.

Abushiri alikuwa amekwisha kunyongwa Pangani, kwa kuwa Wajerumani walimwita mwasi wa Sultani. Na Bwana Heri je? Yeye hakuwa mtu wa Sultani tangu hapo. Angemwasi vipi bwana ambaye hakuwahi kumtii? Ule ukaidi wake wa miaka mingi ndio uliomwokoa shingo. Kamanda wa Wajerumani, Wissmann, alimpokea kwa heshima, akamwacha arudi Saadani kuujenga mji uliokuwa majivu.

Mwaka 1894 aliinuka tena.